Ziwa Linalogombewa kwa Nyasi

Kila majira ya joto, wavuvi wa ndoana humiminika Guntersville, Alabama, kumsaka besi chini ya utando wa nyasi za majini. Wenye nyumba za ufukweni wangependa nyasi hizo ziishe hata leo. Ugomvi wao ni wa miaka mingi, na watu wa Ziwa Naivasha, Kenya, wana la kuongeza.

Ukitaka kumuudhi mvuvi wa Guntersville, mwambie kwamba wiki ijayo nyasi zake zitanyunyiziwa dawa. Ukitaka kumuudhi jirani yake mwenye nyumba ufukweni, mwambie kwamba dawa imeahirishwa.

Wawili hao wanalipenda ziwa moja, ila kila mmoja analipenda kwa sababu yake. Mwenye nyumba anangoja Juni, Julai na Agosti, miezi ya joto kali kaskazini mwa Alabama, ili wajukuu waogelee na boti itoke gatini bila taabu. Badala yake anakuta majani yamefunga gati, yanajisokota kwenye panga la injini na kutoa harufu yakianza kuoza. Mvuvi naye anashusha boti yake gizani, kabla jua halijachomoza, na kuyaendea majani yaleyale kwa hamu. Kwake yeye, ziwa lisilo na nyasi ni beseni la maji tu.

Anachokifuata ni besi mdomo mpana, samaki wa kijani mwenye mstari mweusi ubavuni na taya linalopita nyuma ya jicho. Si mkubwa kama sangara wa Viktoria. Wengi wanaovuliwa wana kilo moja au mbili, na mwenye kilo nne hupigwa picha. Rekodi ya dunia iliwekwa Juni 2, 1932 na George Perry, kijana mkulima wa jimbo la Georgia, aliyenasa besi wa kilo 10.09. Ilichukua miaka 77 kufikiwa: Julai 2, 2009, Manabu Kurita alivua wa kilo 10.12 katika Ziwa Biwa, Japani, na kwa kuwa tofauti ni ndogo kuliko kanuni zinavyotaka, majina yote mawili yamebaki kwenye orodha. Samaki wa Perry alipimwa, akapelekwa nyumbani, akaliwa. Ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, na hakuna aliyeshangaa.

Leo angeshangaza. Mwaka 1967 wakala wa bima kutoka Montgomery, Alabama, aitwaye Ray Scott, aliandaa shindano la kuvua besi katika Ziwa Beaver, Arkansas. Mwaka uliofuata akaunda chama cha B.A.S.S., na mwaka 1972 akaanzisha kampeni ya kuwataka wanachama wasiwaue samaki wanaowavua. Tangu hapo samaki wa mashindano huwekwa hai kwenye tangi ndani ya boti, hupimwa jukwaani mbele ya watu, kisha hurudishwa ziwani. Kwa msomaji wa Mwanza au Kisumu, kumvua samaki wa kilo tatu na kumwachia aende zake ni jambo la kuchekesha. Lakini fainali kuu ya chama hicho imefanyika Guntersville mara tatu, mwaka 1976, 2014 na 2020, na washindi wa mara mbili za mwisho, Randy Howell na Hank Cherry, kila mmoja aliondoka na dola 300,000. Kwa fedha hizo, samaki aliye hai ana thamani kuliko aliye kikaangoni.

Mbu walitangulia

Guntersville si ziwa la asili. Ni bwawa kwenye Mto Tennessee, lililojengwa kati ya mwaka 1935 na 1939 na Mamlaka ya Bonde la Tennessee, shirika la serikali lililoanzishwa 1933 chini ya Rais Franklin Roosevelt ili kuzuia mafuriko, kuzalisha umeme na kufungua njia ya majahazi. Maji yalifunika mashamba, barabara na vijito, yakatandaa kwa zaidi ya kilomita 120 hadi ndani ya jimbo la Tennessee. Eneo lake ni takriban ekari 69,000, na hakuna ziwa kubwa zaidi katika Alabama.

Bonde hilo lilikuwa na malaria. Mamlaka ilipoanzishwa, karibu asilimia 30 ya wakazi walikuwa wameathiriwa. Maji yaliyotuama penye majani ndipo viluwiluwi vya mbu hupata kinga, kwa hiyo wahandisi walijifunza kuyapandisha na kuyashusha maji ya mabwawa yao kwa ratiba, ili viluwiluwi viachwe pakavu ukingoni. Pamoja na dawa na hatua nyingine za afya, kufikia mwaka 1947 malaria ilikuwa imetokomezwa katika eneo hilo. Kwa kizazi cha watumishi waliofanya kazi hiyo, mmea unaoota majini ulikuwa adui hata kabla mashindano ya uvuvi hayajafikiriwa.

Kisha wakaja wageni wawili ambao hakuna ratiba ya maji iliyowaweza. Wa kwanza ni milifoili ya Ulaya na Asia, yenye majani membamba kama manyoya ya ndege, iliyoenea katika mabwawa ya Tennessee kuanzia miaka ya 1950 na 1960. Wa pili ni haidrila. Mmea huu uliingia Florida mwanzoni mwa miaka ya 1950 kupitia biashara ya mapambo ya matangi ya samaki, ukatoroka, na mwaka 1982 ukaonekana Guntersville. Haidrila hutosheka na mwanga hafifu ambao mimea mingi ya majini haiwezi kuutumia, na shina lake linaweza kurefuka sentimita mbili na nusu kwa siku. Likifika juu hutawanya matawi na kuufunika uso wa maji. Kipande kilichokatwa na panga la boti huanzisha mmea mpya kinapotua, na vijiviazi vyake hukaa matopeni kwa miaka vikingoja nafasi.

Mwaka 1988 mimea ya majini ilifunika takriban ekari 20,000 za Guntersville, yaani karibu asilimia 30 ya ziwa. Mwaka 1990 mamlaka ilimwaga karibu samaki 100,000 wa jamii ya kapu mla-nyasi, kutoka Asia. Nyasi zikapungua sana, wenye magati wakapumua, wavuvi wakalalamika hadi sauti zikakauka. Miaka ilipopita nyasi zikarudi, na ugomvi nao ukarudi.

Joto linampeleka wapi

Kwa nini mvuvi ang'ang'anie majani yanayomkwamisha? Jibu liko kwenye joto.

Besi hawezi kujipasha wala kujipoza mwenyewe. Maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30, mwili wake huenda mbio, chakula husagwa upesi, na njaa hurudi upesi. Wakati huohuo maji ya joto hubeba hewa kidogo: lita moja ya maji yenye nyuzi 10 inaweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni, na yakifika nyuzi 30 hushika saba na nusu tu. Kwa hiyo Julai samaki anahitaji chakula na hewa zaidi, katika maji yenye hewa pungufu. Kukimbilia kina kirefu si lazima kumsaidie. Penye maji yaliyotulia, tabaka la chini hukosa kuchanganyika na la juu, na oksijeni yake huisha.

Nyasi zinamtatulia mengi kwa pamoja. Mchana hutoa oksijeni na kumkinga jua. Wadudu na konokono hujaa kwenye mashina, samaki wadogo bapa waitwao blugili huja kuwala, na makundi ya shedi, wanaofanana na dagaa walionenepa, hupita ukingoni. Besi ni mviziaji. Hakuumbwa kukimbiza windo masafa marefu, bali kukaa kimya kivulini, kuhisi mtikisiko kwa mstari wa ubavuni, na kufungua kinywa ghafla hadi maji na windo viingie pamoja.

Hata hivyo, nyasi nyingi kupita kiasi humharibia. Mwaka 1982 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Jacqueline Savino na Roy Stein, walichapisha majaribio waliyofanya kwa kuwaweka besi na blugili katika madimbwi yenye mashina bandia ya idadi tofauti. Penye mashina machache besi walizunguka na kuwinda vizuri. Mashina yalipozidi, waliacha kuzunguka wakaanza kuvizia, na mawindo waliyoyapata yakapungua sana. Kisha kuna usiku. Jua likizama mimea huacha kutengeneza oksijeni na kuanza kuitumia, na ndani ya utando mzito hewa huwa haba kuliko wakati wowote muda mfupi kabla ya mapambazuko.

Ukiunganisha hayo, unaelewa kwa nini wazoefu hawavui nyasi zote. Wanatafuta mipaka: pale nyasi zinapokutana na maji wazi, pale haidrila inapopisha milifoili, tundu katikati ya utando, njia iliyoachwa na kijito cha zamani kilichozama. Mipakani kuna mahali pa kujificha, na kuna mahali pa kurukia.

Siku moja ya Julai

Mapema asubuhi, kabla jua halijapanda, kazi huanzia ukingo wa nje, ambako nyasi hukoma kwa sababu mwanga hauzifikii tena zilizo chini, mara nyingi kwenye kina cha mita tatu hivi kutegemea ung'avu wa maji. Shedi wakipita, besi hutoka na kuwapiga juu, na maji hurushwa kama mtu ametupa jiwe. Hapo chambo bandia cha kuelea, kile kinachotema maji kikivutwa, kinatosha. Mvuvi haendi sambamba na ukingo kwa kubahatisha. Anatazama umbo lake. Mahali ukingo unapochomoza kuelekea kilindini, au unapoingia ndani na kufanya kona, ndipo samaki hukusanyika, kwa sababu windo linalofuata ukingo hulazimika kugeuka hapo.

Jua likipanda, samaki hurudi ndani, na mvuvi anabadili vifaa. Juu ya utando anaburuta chura wa mpira aliye na uvungu, mwenye ndoana mbili zilizolala mgongoni ili zisinase majani. Anamvuta kidogo, anamwacha, anamvuta tena hadi afike kwenye tundu. Besi humpiga kutoka chini, akipasua majani. Hapa wanaoanza hukosa samaki wengi kwa papara: wanavuta mara tu wanaposikia kishindo. Anayejua hungoja mpaka ahisi uzito kwenye mshipi, kwa kuwa mara nyingi besi anakuwa ameyapiga majani pamoja na chura, na chura bado hajaingia kinywani.

Saa sita mchana, joto likiwa kali na uso wa maji umetulia, ni zamu ya kutoboa. Chubwi ya tungsteni ya gramu 28 hadi 42 hutangulia kwenye mshipi. Nyuma yake kuna ndoana nene, na ncha yake imefichwa ndani ya kamba au mdudu wa plastiki laini, mtindo unaojulikana kwa jina la Texas. Mvuvi hurusha juu, chambo kinaanguka wima, kinapasua utando na kuzama hadi chini kwenye uvungu wa giza. Mara nyingi samaki hukichukua kikiwa bado kinashuka. Kisiposhikwa, kinainuliwa mara moja mbili, kisha kinatolewa na kupelekwa hatua chache mbele. Ni kazi ya mabega. Ufito lazima uwe mgumu, na mshipi uwe wa kusukwa, wenye kustahimili karibu kilo 30. Hiyo si kwa sababu samaki ni mzito kiasi hicho. Akinaswa hupiga mbizi majanini, na anayemvuta anavuta pia kilo kadhaa za haidrila. Mshipi wa kusukwa hukata mashina pale mshipi wa nailoni ungenyooka au kukatika.

Utando unaweza kuwa na ukubwa wa viwanja kadhaa vya mpira, na kuutoboa wote hakuwezekani. Kwa hiyo wavuvi husikiliza. Blugili wanapokula wadudu upande wa chini wa majani hutoa sauti ndogo za kubwata, moja hapa, nyingine pale. Utando unaosikika hivyo una uhai chini yake, na ulio kimya hupitwa. Upepo nao huangaliwa, maana husukuma majani yaliyokatika na kuyarundika upande mmoja, na chini ya rundo hilo kivuli huwa kizito kuliko kwingine.

Jambo moja linawahusu hasa wanaoachia samaki. Besi aliyepiganishwa kwa muda mrefu katika maji ya nyuzi 30, kisha akapigwa picha juani, anaweza kuondoka akiogelea na kufa baadaye. Mvuvi mwenye kuheshimu mchezo wake humleta upesi kwa mshipi imara, hulowesha mikono kabla ya kumshika, na humrudisha bila kukawia.

Kiasi gani kinatosha

Tukiacha ndoana tukarudi kwenye ugomvi, swali linaweza kuulizwa kwa hesabu: ziwa linahitaji nyasi kiasi gani?

Mwaka 1984 watafiti wa Texas walilinganisha mabwawa 30 ya jimbo hilo. Walikuta kwamba wingi wa besi ulipanda kadiri nyasi zilivyoongezeka, hadi zilipofika asilimia 20 ya eneo la maji. Jimbo hilohilo lilikuwa limetoka kushuhudia kinyume chake. Katika Ziwa Conroe, kaskazini mwa Houston, kapu wala-nyasi 270,000 walimwagwa mwaka 1981 na 1982, na kabla ya mwaka 1983 kwisha nyasi zote zilizozama zilikuwa zimetoweka. Besi hawakutoweka nazo. Wale wachanga walianza kula samaki wenzao wakiwa wadogo kuliko awali, kwa kuwa mawindo hayakuwa na pa kujificha. Lakini blugili walipungua sana, na mtandao mzima wa chakula ukabadilika. Mvuvi hakuwa na ukingo wa kuufuata tena.

Wavuvi nao wana la kujibu. Mwaka 1994 tai wenye vichwa vyeupe, ndege wa nembo ya taifa la Marekani, walianza kufa katika Ziwa DeGray, Arkansas, ubongo wao ukiwa umejaa mapovu madogo. Uchunguzi wa miaka mingi, ambao Susan Wilde wa Chuo Kikuu cha Georgia alikuwa mmoja wa vinara wake, ulifika kwenye kijidudu cha jamii ya bakteria kinachoota juu ya majani ya haidrila. Sumu yake ilitambuliwa rasmi mwaka 2021. Ndege wa majini hula majani, tai hula ndege hao, na sumu hupanda nao. Anayetetea haidrila kwa sababu tu inamficha samaki wake hana budi kulibeba na hilo.

Cha ajabu ni kwamba haidrila si mgeni kwetu. Inaota katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria, na watafiti wa Marekani wamewahi kuja Afrika Mashariki kutafuta wadudu wanaoila, wakitumaini kuwapeleka kwao wakaipunguze. Mmea unaotisha Alabama huku ni mkazi mmoja miongoni mwa wengi.

Naivasha walikosa walichokichoka wengine

Besi alifanya safari ya upande wa pili. Mwaka 1929 aliletwa Ziwa Naivasha kwa ajili ya walowezi waliotaka mchezo wa kuvua, juu kwenye Bonde la Ufa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890. Naivasha haina majira ya joto ya Alabama, lakini wakati huo ilikuwa na alichokihitaji: maji mang'avu, yungiyungi za buluu ukingoni, na nyasi zilizozama. Akastawi. Samaki mdogo wa asili aliyekuwa akiishi humo peke yake hajaonekana tangu 1962, na besi ni mmoja wa wanaolaumiwa.

Mwaka 1970 wakaingizwa kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana. Besi aliwafurahia, maana ni chakula chake cha nyumbani. Kamba nao walifurahia majani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yungiyungi na nyasi zilizozama zilikuwa karibu zimekwisha. Baadaye kamba wakapungua, nyasi zikarudi kwa muda, kisha zikatoweka tena. Mwaka 2001 wakaongezeka kapu wa kawaida, walioingia bila kukusudiwa. Hao hutafuta chakula kwa kufukua matope, na maji yakichafuka mwanga haufiki chini. Miaka kumi baadaye kapu ndiye aliyejaza nyavu za wavuvi wa Naivasha, na besi akawa samaki wa kubahatika.

Hapo ndipo hadithi ya Guntersville inapotuhusu. Nyasi za Alabama ni vamizi, zilizopotea Naivasha zilikuwa za asili, lakini samaki hasomi vyeti vya uraia. Anahitaji ukingo, kivuli na hewa, na ziwa likivipoteza, kuvirejesha ni kazi ngumu kuliko kunyunyiza dawa. Siku hizi Guntersville wameelekea kwenye suluhu ya kati: dawa huelekezwa zaidi kwenye magati, fukwe za kuogelea na njia za boti, na mashamba makubwa ya nyasi mbali na nyumba huachwa. Hakuna upande unaoridhika kabisa.

Kwa maziwa yetu, ambako kila mwaka kuna mtu mwenye mpango wa kung'oa, kumwaga au kuingiza kitu majini, somo la kuchukua ni dogo na linatekelezeka. Kabla ya kuuliza nyasi zitaondolewaje, iulizwe ni asilimia ngapi zitabaki, zitabaki upande gani wa ziwa, na nani atazipima kila mwaka na kutangaza matokeo kwa wanaoishi kwa ziwa hilo. Mpango usiokuwa na majibu ya maswali hayo matatu haujawa tayari kuanza.